Tazamio Mezani: Kwa Nini Hatulizimi kwa Ukungu

Wateja wanaokuja kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza hadithi kwa kurusha dadu, kwenye meza zetu hutuletea lalamiko moja mara kwa mara: mchawi wao amefika kiwango cha 9, amejipatia tazamio, yaani uganga wa kumwona na kumsikia mtu aliye mbali, lakini kila akilitumia mwendesha mchezo humjibu kwamba ukungu umetanda na hakuna kinachoonekana. Lalamiko hilo ni la haki. Mwendesha mchezo huogopa siri za hadithi yake zisifichuke mapema, ilhali kanuni za toleo la mwaka 2014 zimekwisha kuliwekea tazamio mipaka.

Anayetazamia hutumia dakika 10 kuliandaa, tena lazima awe na kifaa chenye thamani ya vipande 1,000 vya dhahabu au zaidi, kama vile tufe la bilauri au kioo cha fedha. Anayetazamwa hurushiwa dadu la pande 20 ili ajikinge, na akifaulu hawezi kujaribiwa tena kwa uganga huo mpaka saa 24 zipite.

Uzito wote uko katika kile unachokijua juu yake na kile ulichonacho mkononi. Ukiwa umemsikia tu kwa watu, kinga yake, yaani hesabu ya dadu lake, huongezeka kwa 5. Ukiwa na vazi lake, hupungua kwa 4. Ukiwa na unywele au kipande cha ukucha, hupungua kwa 10. Aliyelelewa na bibi aliyekataza nywele zilizonyolewa zisiachwe ovyo uani ataielewa kanuni hii bila kufafanuliwa.

Katika meza moja tuliyoiendesha, mchezaji alimtuma mhusika wake akafagie chini ya kiti cha kinyozi wa liwali, mtu ambaye kundi lilimjua kwa sifa tu. Liwali alikuwa na nyongeza yake mwenyewe ya 3 juu ya dadu, na jumla ilitakiwa kufikisha 15. Bila unywele ule, nyuso 14 kati ya 20 za dadu zingemwokoa. Ulipopatikana, zilibaki 4. Chumba kizima kilinyamaza dadu lilipokuwa likibingirika, na ukimya wa namna hiyo ndio tunaoufanyia kazi.

Kwa hiyo waendesha wetu huandika kinga za kila adui kabla ya kikao kuanza, wala hawazibuni papo hapo. Adui anayejificha asitazamwe kwa uganga unaodumu kwa muda wa saa 8 amelipia unga wa almasi wa vipande 25 vya dhahabu, na gharama hiyo imo katika daftari, ambalo mchezaji yeyote anaweza kuliomba hadithi ikiisha. Unapoweka nafasi, tafadhali tujulishe kama kundi lenu lina mtazamiaji, kwa sababu maandalizi ya meza hiyo hutuchukua siku mbili zaidi na bei haibadiliki.