Usinunue amplifaya nyingine bado

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Mombasa. Mama yako hajambo, anakuombea.

Nimeusikiliza ujumbe wako kuhusu hiyo matatu ambayo amplifaya yake inazima kila besi ikigonga, na mwenyewe ameshakupa pesa ukamtafutie mpya. Tafadhali, pesa hizo zikae kwanza. Nimeona amplifaya nyingi nzima zikitolewa, ikafungwa mpya, nayo ikazima vilevile kwa kuwa ugonjwa haukuwamo ndani ya boksi. Mwenye gari akipata hasara hiyo hatakurudia.

Chukua mita. Ncha moja iguse pozitivu ya amplifaya, nyingine iguse athi yake (upande wa negativu, unaofungwa kwenye bodi ya gari), palepale kwenye skrubu zake, si kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima hutoa kama volti 12.6, ikiwaka utaona kati ya 13.8 na 14.4. Sasa mwambie makanga apige mziki kama anavyoupiga barabarani, macho yako yasitoke kwenye mita. Namba kushuka kidogo ni kawaida. Ikiporomoka hadi 10 au 11, amplifaya inakosa umeme na inajizima ili isiungue. Hapo hamia kwenye betri, mziki ukiendelea. Kama betri imebaki juu, volti zinapotelea njiani. Kama nayo imeshuka, kagua altaneta inayochaji betri, na betri yenyewe.

Zikipotelea njiani, mimi huanza na athi. Ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye skrubu ya athi ya amplifaya, besi ikigonga. Ukisoma karibu na sifuri, athi ni nzima. Ukisoma volti moja au zaidi, umemkamata mwizi. Huku kwetu chumvi ya bahari hula bolti za bodi. Huko kwenu utakuta zaidi waya uliobanwa juu ya rangi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza kwa bolti, kisha paka grisi kuzuia kutu.

Athi ikiwa sawa, fuata waya wa pozitivu na fyuzi yake. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu. Ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba, na lazima iwe nene kuliko shaba tupu ili ibebe umeme uleule. Amplifaya inayotoa wati 1,000 za kweli huweza kuvuta ampia 100 besi ikipanda. Waya mwembamba hauwezi kazi hiyo, hata uwe umeuzwa kwenye pakiti ya kupendeza namna gani.

Hukuniambia gari lenyewe ni la volti ngapi. Mabasi mengi makubwa ni ya 24, betri mbili, na wako mafundi wanaochukua 12 kutoka betri moja. Mziki utalia, lakini betri hiyo itakuwa inanyonywa huku mwenzake ikijazwa kupita kiasi, na mwisho zinakufa zote mbili. Kazi hiyo inahitaji konveta, kifaa cha kushusha volti 24 ziwe 12, inayobeba ampia za kutosha. Ukikuta wamefanya hivyo, mweleze mwenye gari waziwazi, hata kama aliyefunga ni rafiki yako.

Iwapo amplifaya inawasha taa nyekundu, ile ya kujikinga, chomoa waya zote za spika na za RCA (zinazoleta mziki kutoka kwenye redio), uwashe upya. Nyekundu ikiondoka, rudisha moja moja. Ile inayoirudisha ndiyo yenye kasoro, na mara nyingi ni waya wa spika uliochubuka kwenye bawaba ya mlango, unagusa bodi. Hesabu pia omu, yaani ukinzani wa spika: bufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2, na si kila amplifaya inakubali. Nyekundu ikibaki ilhali hakuna kilichounganishwa zaidi ya umeme, hapo ndipo uifungue, uanze kupima tranzista.

Ukikaza bolti yoyote, toa kwanza negativu ya betri. Wewe hupenda haraka, na cheche za waya mnene zinaunguza vidole na gari.

Nitumie namba tatu usiku huu, zote mziki ukiwa unapiga: ya betri, ya kwenye amplifaya, na ile ya athi. Nikiziona nitakupigia.

Baba yako