Vikao vya kila wiki msivifute

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako na mimi nitoe la moyoni. Kuna maneno nayasikia sana, eti hizi klabu za kujitolea kama Rotary na Lions kazi yao kukutana kila wiki wanakula na kupiga stori, bora vikao vifutwe hela iende moja kwa moja kwa wahitaji. Na wanachama wenyewe wengine wameanza kuyakubali, hasa baada ya Rotary kulegeza masharti mwaka 2016, klabu ikaruhusiwa kukutana hata mara mbili tu kwa mwezi. Mimi hapo nakataa.

Jamani, hela ikipatikana kisima kinachimbwa, picha zinapigwa, watu wanaondoka, haya pampu ikifa nani anauliza? Ni kile kikao cha kila wiki ndo kinauliza, maana yule aliyekabidhiwa huo mradi anajua wiki ijayo atasimama mbele ya wenzake aseme spea imepatikana au bado, kamati ya maji iliyoachwa kule ina hela ya fundi au haina, na akija na maelezo yale yale mara ya tatu lazima aone aibu. Mkikutana kwa nadra aibu hiyo haipo, ripoti inatupwa kwenye grupu la WhatsApp, watu wanaweka dole gumba, imeisha hiyo.

Paul Harris na wenzake watatu walipoanza Rotary kule Chicago mwaka 1905 vikao vilikuwa vinazunguka, leo ofisini kwa huyu kesho kwa yule, na tusidanganyane, mwanzoni walikuwa wanatafutiana biashara tu. Ila kwenye kukutana huko huko ndo ikazaliwa kazi yao ya kwanza ya jamii, mwaka 1907, kuhangaikia mji upate vyoo vya umma. Vyoo! Nani atagombania kupiga picha na choo? Halafu angalia polio, kampeni yao imeanza 1985, Afrika ikatangazwa haina tena virusi asilia vya polio mwaka 2020, hiyo ni miaka 35 na kazi bado ipo, Pakistan na Afghanistan havijaisha. Klabu za kukutana zikijisikia zisingechangisha kwa muda wote huo.

Kwenye msosi lakini wakosoaji wana pointi. Hela ya misaada kwa kawaida inakaa akaunti yake, mlo wanachama wanajilipia, sawa, ila kikao cha hotelini kinamfungia nje mwalimu au fundi ambaye ndo anajua shida za mtaa kuliko hao wenye tai. Wekeni chai tu, hata ukumbi wa shule unatosha, na aliyesaidiwa aitwe naye aseme, isiwe kila siku anasemewa na mwenyekiti.

Na nyinyi waandishi msijitoe. Mkialikwa kwenye makabidhiano ya viti mwendo mnajaa, kurasa mbili za picha na hundi kubwa kuliko meza. Rudini baada ya mwaka mkaone vile viti vingapi bado vinatembea, na hiyo nayo muipe ukurasa.

Msomaji wenu.