Bima imelipa kitanda, vidonge ilivikataa

Mhariri naomba nafasi kidogo gazetini kwako, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Watu wakiongelea matibabu yanayofilisi familia wanawaza operesheni, wanawaza mgonjwa kazuiwa wodini mpaka bili ilipwe. Hayo yapo na yanauma sana. Ila mi nauguza mama mwaka wa sita huu, presha na sukari, na kilichotumaliza ni dawa za kila mwezi, kidogo kidogo, mwezi huu, mwezi ujao, bila kupumzika.

Dada yangu ana daftari anaandika kila kinachotoka. Ukilifungua ni dawa, nauli, kipimo, dawa, nauli, halafu unafika kurasa zina neno deni tu na jina la aliyetukopesha. Humo hazimo siku zangu za kibarua nilizokosa nikiwa foleni na mama toka alfajiri, na nikizipigia hesabu ndo hela kubwa kuliko zote.

Kadi ya bima tunayo. Lakini dirisha la dawa unaambiwa hii haimo kwenye kadi, kanunue nje. Siku moja nikamkuta mama anakata kidonge kwa kisu, nusu leo nusu kesho, akaniambia mwanangu usinigombeze, nataka zifike mwisho wa mwezi. Nilishindwa kusema kitu. Baadaye akapata kiharusi akalazwa, na kile kitanda, Mhariri, bima ikakilipa chote!! Yaani hela ya wodi ipo, hela ya kidonge cha kumzuia asifike wodini haipo, jamani hii ni hesabu gani?

Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia kwa miaka mingi walikuwa wanahesabu familia imeelemewa pale hela ya matibabu inayotoka mfukoni ikizidi asilimia 10 ya matumizi yote ya nyumba, na kwa mwaka 2019 walikuta watu kama bilioni 1 wako hivyo. Ni wengi mno na bado naona ni pungufu, maana ile miezi ya nusu kidonge sisi tulitumia kidogo, kwenye karatasi tungeonekana tuna nafuu. Na aliyebaki nyumbani kwa kukosa hela kabisa matumizi yake ni sifuri, huyo kwenye hesabu hiyo hayumo.

Kwenye kifua kikuu wameshaliona hili. Wao wanajumlisha mpaka nauli na kipato kilichopotea, na wanakuta karibu nusu ya wagonjwa na familia zao wametumia zaidi ya asilimia 20 ya kipato cha mwaka, wakati dawa zenyewe sehemu nyingi ni za bure. Kwa nini presha na sukari zisihesabiwe hivyohivyo?

Ripoti ya Shirika hilo ya 2010 ilisema nchi ikishusha malipo ya mfukoni mpaka asilimia 15 hadi 20 ya hela yote ya afya, familia zinazofilisika zinabaki chache sana. Maana yake watu wachange mapema, kwa kodi au bima, kabla ya kuugua. Naunga mkono kabisa, ila hiyo bima ianze na dawa za mgonjwa anayetibiwa akitokea nyumbani.

Daftari la dada lipo. Yeyote anayepanga orodha ya dawa za bima akitaka kuliona nitampelekea mwenyewe.

Msomaji wako