Wamama wa kikoba chetu Nkuhungu, yule dada wa kazi ni mtoto

Mbukwenyi wanangu. Jumapili kikoba nlinyamaza. Ile stori ya dada wa kazi wa jirani, yule mtoto anayesikika akipigwa na mama anayemfanyia kazi, ilivyoanza kila mtu akawa na lake, mara "mambo ya watu hayo", mara "mi mpangaji tu nisije nikatolewa vyombo nje", nikaona nikifungua mdomo nitalia, ndo maana naandika.

Kuna kipindi nlipanga Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, nyumba ya vyumba sita. Maji ya mgao, yanatoka usiku, na kila yakitoka anayekesha bombani ni katoto ka miaka kama 11 kaliletwa toka kijijini kumlelea mpangaji mwenzetu mtoto. Saa 5 usiku kanabeba ndoo ya lita 20. Siku moja namtwisha nikaona mkono umefungwa kipande cha kanga, nikamuuliza, akasema "niliungua uji bibi". Ile kanga ilishagandana na kidonda, inatoa harufu. Nikampaka asali, nikampa pole, nikaenda kulala. Wiki mbili mbele wakahama na mpaka leo sijui yuko wapi.

Sasa nisikilizeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema ni wajibu wa mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi AU taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au mlezi ana uwezo ila hampi chakula, matibabu, shule, atoe taarifa serikali za mitaa. Taarifa tu, wanangu! Kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii, sio yako wewe unayesikia kilio ukutani.

Sheria hiyohiyo inasema ajira ni kuanzia miaka 14, na mtoto hafanyishwi kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Anayevunja haki za mtoto faini mpaka milioni 5 au jela miezi 6 au vyote. Na akimtesa au kumtelekeza mtoto anayekaa naye kwa namna inayoweza kumuumiza, hiyo ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, anaweza kwenda jela miaka 5 mpaka 15.

Sasa wale mliosema tumuite yule mama aombe radhi, tuchange nauli mtoto arudishwe kwao kimyakimya yaishe, hapo mmenitisha kabisa. Mtu akijua kosa limetendwa kisha akamsaidia mkosaji akwepe adhabu, na yeye anashtakiwa. Hela ya kikoba isiingie huko. Halafu ukishamshtua yule mama, usiku huohuo mtoto anapandishwa basi, mtampata wapi?

Kwahiyo msimguse, msimsute. Piga 116, ni bure hata simu haina salio, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Ukiogopa umbea, kumbuka na mimi niliuogopa.

Kesho saa 3 asubuhi naenda kwa mtendaji wa mtaa, nimeshaandika kwenye daftari siku nlizosikia kipigo na saa zake. Anayetaka tuongozane anikute pale kwenye mwarobaini, magoti yangu hayaendi haraka siku hizi.