Taa ya mimea ya "wati 1000": inakula uniti ngapi, na utavuna nini?

Taa nyingi za mimea za bei ya chini zimeandikwa 1000W kwenye boksi. Ukizichomeka ukutani zinakula wati 100, au 120 zikijitahidi. Hiyo 1000 hupatikana kwa kujumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila kidoa cha LED kilichomo, ingawa hakuna taa inayowasha vidoa vyake hivyo maana ingeungua. Wengine huipata kwa kuilinganisha na taa za zamani za sodiamu. Vyovyote vile, mteja analipia namba.

Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Zima friji, feni, TV na kila kitu kingine, chomoa na chaja, kisha soma salio la uniti kwenye LUKU yako. Washa taa peke yake kwa muda wa saa mbili, soma tena. Taa ya kweli ya wati 100 itakuwa imekula uniti 0.2. Ya wati 1000 ingekula uniti 2 nzima, na chumba kingekuambia chenyewe kwa joto.

Zile taa ndogo za kubana mezani, zenye shingo mbili au nne na mwanga wa zambarau, ni rahisi zaidi kuzikamata. Tazama adapta. Ikiwa imeandikwa 5V 2A, zidisha: wati 10, basi. Hata boksi liseme 80W, adapta haiwezi kutoa isichokuwa nacho. Hatusemi hazifai, na sisi wenyewe tunaziuza dukani kwetu. Zinatosha chungu kimoja au viwili vya mnanaa, taa ikiwa sentimita 20 juu ya majani. Ukitaka bustani, hapana.

Ukishajua wati za kweli ndipo uulize ufanisi. Mmea unakula chembe za mwanga zinazolifikia jani, na chembe hizo hupimwa kwa mikromoli. Namba ya kutafuta kwenye boksi ni µmol/J, yaani mikromoli zinazotoka kwa kila juli ya umeme (wati moja ikiwaka sekunde moja). Balbu nyeupe ya LED ya kawaida, hii ya duka la vifaa vya umeme, hutoa kama 1.4. Taa ya mimea ya maana inaanzia 2.5. Chini ya 2, usikubali kulipa bei ya taa ya mimea. Na kama namba hiyo haipo kabisa kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelezo, muuzaji ameshakujibu.

Tuiweke kwenye shilingi. Tuseme unataka mikromoli 270 kwa sekunde. Taa ya 2.7 itakupa kwa wati 100, ya 1.5 itahitaji wati 180. Ukiwasha kwa saa 16 kila siku, hizo wati 80 za ziada ni uniti 38 kwa mwezi. Kwa kiwango cha kawaida, ambapo umeme wa 1,000 unakupa uniti 2.8 hivi, ni zaidi ya shilingi 13,000 kila mwezi, na aliyekuuzia taa ya rahisi hatakuja kukununulia umeme. Walio kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, wapige hesabu mara mbili: taa moja ya wati 100 inameza uniti 48, na ukivuka 75 bei nafuu huna tena.

Sasa mavuno. Hapa ndipo tunapopoteza wateja kwa kusema ukweli.

Chukua rafu ya mita moja ya mraba, taa nzuri ya wati 100, saa 16 kwa siku, umepanda saladi. Ukishazoea kumwagilia na kulisha, tegemea kilo 2 hadi 3 kwa mwezi. Umeme peke yake ni kama shilingi 17,000, kwa hiyo kila kilo imekula shilingi 5,700 hadi 8,500 kabla hujahesabu mbegu, mbolea na taa yenyewe. Ongeza na joto la Dar: mbegu ya saladi hugoma kuota nyuzi zikipita 30, na karibu umeme wote wa taa huishia kuwa joto humo humo chumbani. Anayekuahidi kilo 10 kwenye rafu hiyo, muulize anavuna nini.

Mchicha wa ndani tunaukatalia mlangoni. Ni mmea wa jua kali, chini ya taa unarefuka na kulegea, na fungu la sokoni litakushinda bei siku zote. Nyanya nazo zinataka mwanga zaidi ya mara mbili ya saladi. Ni kama uniti 120 kwa mwezi kwa kila mita ya mraba, na kuanzia kupandikiza hadi tunda la kwanza kuiva ni miezi miwili na zaidi. Utakuwa umechoma shilingi 85,000 za umeme kabla ya kachumbari ya kwanza, tena kila asubuhi utikise maua kwa mkono kwa sababu chumbani hakuna upepo.

Taa hizi zinakolipa ni kwenye miche. Rafu ile ile inabeba trei sita za mashimo 128, yaani miche 768. Gawa ile 17,000 ya umeme wa mwezi: shilingi 22 kwa mche. Mimea ya mapambo ndiyo nafuu kabisa. Kwa pothosi au sansevieria ya ofisini, nunua balbu nyeupe ya wati 12, itundike karibu, iwake saa 12 kwa siku. Utatumia kama shilingi 1,500 kwa mwezi, na taa yetu huihitaji.

Kabla ya kununua chochote, pakua programu ya kupima laksi (kipimo cha mwangaza) kwenye simu. Weka simu pale mmea utakapokaa, soma, gawanya kwa 70. Kwa mwanga mweupe hiyo ni mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa makadirio. Laksi 14,000 ni kama 200, zinazotosha saladi kwa saa 16. Meza ya sebuleni mita mbili kutoka dirishani mara nyingi haifiki laksi 500, hata kama macho yako yanaona kuna mwanga wa kutosha. Kwa taa za zambarau kipimo hiki kinadanganya, usikitumie. Na kama una kibaraza kinachopigwa na jua moja kwa moja kwa muda wa saa nne, panda huko: jua hilo linaizidi taa ya wati 100 iliyowaka siku nzima.

Ukija dukani, njoo na urefu na upana wa rafu, picha ya dirisha iliyopigwa mchana, na jina la unachotaka kupanda. Taa tunaiwasha mbele yako kwenye kipima umeme, uone wati zake kabla hujalipa.