Mwani wetu usiondoke mkavu tu

Mhariri, asalaam aleikum, naomba nafasi kidogo gazetini kwako niseme kuhusu mwani, ile mimea ya baharini. Huku kwetu Paje kilimo hiki kimeanza 1989, mbegu ikaletwa kutoka Ufilipino, na mpaka leo wanaolima wengi ni kina mama, maji yakitoka tu wanashuka na kamba zao wanainama masaa, jua la utosi, mgongo unauma, wakivuna wanaanika siku kadhaa halafu mnunuzi anapima kwa mzani wake na bei anapanga yeye. Mama yangu mwaka jana kaambiwa gunia halijakauka vizuri, akakatwa kilo, hana pa kulalamika.

Sasa mwani huo unapakiwa kwenye makontena unakwenda Ulaya, Marekani na Asia, huko wanatoa karajinani, ndo ile inayofanya dawa ya meno isiwe maji maji na aiskrimu ishike. Faida kubwa ipo kwenye kusindika jamani, kwenye kulima imebaki jasho! Na kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, unakufa maji yakizidi joto, tumebaki na spinosamu wa bei ya chini. Ila huku wapo kina mama wanatengeneza sabuni ya mwani na watalii wanainunua, kwa hiyo kuweza tunaweza, serikali iongeze viwanda vya kusindika hapa hapa Unguja na Pemba, tena bei itangazwe mapema kabla watu hawajavuna.

Msomaji wako,
Paje, Unguja