Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Mwani

Assalaam alaykum, mama zangu na ndugu zangu.

Nianze na daftari la maji, tunamoandika joto la maji ya mashamba yetu ya mwani, maana ndilo lililozua maneno mwaka huu. Wengine mmeuliza kwa nini tunapima joto hata wakati wa kusi, msimu wa baridi, mwani ukiwa umestawi na kila mtu ana haraka ya kufunga kamba zake. Mna haki ya kuuliza. Mwani ukifa Februari, mmoja husema jua, mwingine mvua, wa tatu mbegu imechoka, na huenda wote wamepatia. Kaskazi moja, yaani msimu mmoja wa joto, haituamulii ugomvi huo. Lazima tujue kaskazi iliyopita maji yalikuwaje, na ya kabla yake, na kusi nayo, ili joto lisilo la kawaida tulitambue.

Wakongwe wanaikumbuka kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri. Kilimo hiki kilipoanza kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, mwani huo ulikuwa ukikubali. Kuanzia miaka ya 2000 ukawa unakufa shamba baada ya shamba. Unapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Joto likizidi hapo kwa siku nyingi, tawi hupauka, hulainika, na ukiligusa tu linakatika. Wengi tukahamia spinosum, aina nyingine ya mwani, inayostahamili zaidi lakini bei yake ndogo. Hapa kwetu hakuna aliyeandika joto la miaka ile, kwa hiyo leo mtu akituuliza mabadiliko yalianza lini, tunamjibu kwa kumbukumbu za bibi zetu.

Kuhusu upimaji wenyewe. Maji ya bamvua, siku za kujaa na kupwa sana, hutoka saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshapanda, na yale yanayobaki ya magotini ndiyo yanayochemka. Kipimajoto kizamishwe usawa wa kamba, penye kijiti kilekile, kisubiriwe mpaka kitulie. Kisha iandikwe tarehe, saa, joto, upepo, mvua ya jana na hali ya mwani. Msiiache mvua. Wakati wa masika maji baridi ya mvua hupunguza chumvi, na mwani hupauka vilevile kama ulioungua na joto. Kwa macho huwezi kutofautisha, na dawa zake si moja: joto likipanda tunahamisha kamba penye kina, mvua ikizidi tunavuna mapema.

Kuna kurasa zenye tarakimu zilezile wiki nzima. Nimeziwekea alama. Aliyeshindwa kushuka pwani aache nafasi wazi, asijaze akiwa jikoni. Sitaki kumtaja mtu.

Faida imeshaanza kuonekana. Daftari limetuonyesha kuwa upande wa mkondo maji hupoa upesi kuliko kwenye dimbwi la ndani, ndiyo maana kamati ikaihamishia huko mbegu ya akiba kabla ya kaskazi. Waliolalamika kuwa ni mbali waliikuta mbegu hai.

Kulima kwenye kina kirefu kwa nyavu za bomba, yaani nyavu ndefu kama mrija ambamo mwani hutiwa ndani, kumeshajaribiwa hapa Zanzibar, na mimi nakuunga mkono. Lakini kunataka boti, na kunataka mwanamke ajue kuogelea. Wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka baharini na hatujui. Napendekeza tuanze na mafunzo ya kuogelea, boti ifuate.

Fedha atazieleza mweka hazina. Niseme tu kwamba mnunuzi mmoja alichelewesha malipo mpaka baadhi yetu wakakopa dukani, na mwaka ujao hatutampa mzigo bila ya malipo mkononi.

Naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa kipimajoto cha akiba, na daftari linakiliwe nakala ya pili, itunzwe nyumba nyingine. Ramadhani zamu za kupima zitapangwa upya. Wanaoweza kushuka bamvua ya kwanza wajiandikishe kwa katibu leo kabla ya kuondoka.